Nyama ya Khocha

Juzi nilisimama kwenye bucha moja hapa Kitale, bucha iliyopakana ukuta na saluni, nikisubiri kupimiwa nyama ya supu. Harufu ya nyama mbichi ikachanganyika na ile ya dawa ya kulainisha nywele, na hasira ikanipanda papo hapo, kabla hata sijajua inatoka wapi. Muuza nyama akaniuliza, "Mama, kuna shida?" Nikamwambia hakuna. Shida ilikuwepo, ila haikuwa yake. Wengi wa rika langu, sisi tuliokua wakati simu ya kijiji ilikuwa moja na ni ya kuazima, tunapenda kuukumbuka utoto kama kitu kitamu. Mimi wangu naukumbuka nikiwa nimekunja uso. Kuna watu sijawasamehe, na sina mpango huo.

Khocha, ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita ndugu wa kiume wa mama, alikuwa na saluni mtaa wa Tuwan, hapa hapa Kitale. Mama na yeye walizaliwa wawili tu, na wazazi wao walikuwa wamekufa zamani. Sisi tuliishi Malakisi, kwenye shamba la tumbaku la baba, lakini shule zikifungwa mama alitupeleka Kitale kwa ndugu yake, mimi na kaka yangu Wanjala. Mbele kulikuwa na saluni, nyuma kulikuwa na ua wa saruji na vyumba viwili. Humo Khocha aliishi na Mbugua, fundi cherehani mpole, mtoto wa wale Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia zamani kulima mahindi. Baba yake Mbugua alikuwa amemfukuza nyumbani na kuwaambia watu kwamba amekufa. Mbugua alikuwa akikutana na majirani zao sokoni, nao wanapita bila kumsalimia, kana kwamba kweli wamemzika.

Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, ua ule ulijaa. Walikuja wanaume waliopaka kucha rangi, wasichana waliovaa mashati ya kaka zao, na wengine wa kawaida kabisa waliotaka tu mahali pa kukaa bila kuhubiriwa. Mkubwa wao alikuwa mwanamke wa Cheptais aliyeendesha lori la viazi. Walimwita Kaunda kwa sababu ya zile suti za mikono mifupi alizopenda kushonewa na Mbugua. Walisukana, walipika kuku, walivalia magauni ya arusi ambayo wenyewe hawajayachukua kwa fundi, wakatembea uani kwa madaha huku Kaunda akiwashika mkono na kujifanya baba wa bibi arusi. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Khocha alikuwa akiniita kukhu, yaani bibi, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na kila aliyeingia aliambiwa, "Msalimie kukhu kwanza." Sijawahi tena kupewa heshima kama ile mahali popote.

Hakuna aliyenieleza kwa nini watu waliwachukia. Niliyaona mambo yenyewe tu. Kicheko kikipanda, jiwe lilitua kwenye mabati. Mama mmoja wa ploti ya pili alikuwa akipiga kelele kutoka bombani, "Mnacheka nini nyinyi? Si muone haya!" Na nyumbani Malakisi baba, kila jina la Khocha likitajwa, alisema, "Wanaume wazima, kazi ni kuchekacheka." Basi mimi nikajumlisha mambo kwa akili yangu ya mtoto. Nikaamua kwamba kosa lao ni kucheka, na kwamba mwanaume akishakuwa mkubwa akicheka sana anafukuzwa kwao. Nikamkanya Wanjala. Nilimwambia akitaka kubaki na shamba asicheke mbele ya baba, na yeye, mjinga mwenzangu, akaniamini. Akawa anatembea pale nyumbani amenuna kama askari wa kaunti, na baba akafurahi sana, akawaambia watu kijana ameanza kupata akili.

Leo najua kwa nini walichukiwa. Khocha na Mbugua walikuwa wapenzi, mtu na mwenzake, na Kaunda alikuwa na mpenzi wake, mwalimu wa kike, na wale wengine vivyo hivyo, kila mmoja kwa namna yake. Lakini nikikaa nikafikiri naona sikukosea sana. Wangejificha na kulia, huenda watu wangewaonea huruma kidogo na kuwaombea. Kilichowachoma watu roho ni kuona wale waliofukuzwa wanakula kuku na kufurahi.

Kisha ukafika mwaka wa Wanjala kutahiriwa. Kwetu mvulana haamki tu akapelekwa kwa ngariba. Siku moja kabla, anakwenda kwa khocha wake akiimba na kupiga njuga, na wenzake wakimfuata. Khocha anamchinjia fahali, anakata ukanda mrefu wa nyama ya kifua, mbichi, tunaouita luliki, anamvika shingoni na kumkaripia vikali ili aote moyo. Mvulana anarudi kwao na ile nyama kifuani, kila mtu aione. Asubuhi yake anasimama mbele ya kisu, na akipepesa jicho au akalia, aibu hiyo inaukalia ukoo wote. Asiye na nyama ya khocha ni kama hakuzaliwa na mama.

Kikao kilifanyika sebuleni kwetu. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, maana yeye alikuwa mwenyekiti wa kila kitu. Mchungaji wetu alikuwepo pia, akinywa chai. Mimi na mama tulikuwa tukileta mandazi.

"Hiyo kitu ya Kitale haiwezi kuvalisha mtoto yetu nyama," baba mkubwa alisema. "Kuna binamu ya mama Wanjala hapo Chwele. Huyo anatosha."

"Yule mlevi?" mama akauliza.

"Heri mlevi. Mlevi ni mwanaume."

Mchungaji akaitikia kwa kichwa. Baba alikuwa akiangalia kikombe chake. Mama akaweka sinia chini, na mimi nikajua kuna jambo, kwa sababu mama hakuwahi kuweka sinia chini mbele ya wageni.

"Binamu si ndugu," alisema. "Ndugu yangu ni mmoja. Kama hafai kumvika mtoto wangu nyama, basi mtoto huyu hana mama, na mimi nimekaa hapa miaka yote nikifanya nini? Mpelekeni hospitali akakatwe chini ya ganzi. Halafu muwaelezee watu."

Hospitali lilikuwa tusi. Hakuna mwanaume pale sebuleni aliyekuwa tayari kuambiwa mtoto wao alikatwa amelala kitandani. Walibishana hadi chai ikapoa, na mwisho baba akasema Wanjala aende Kitale, lakini baba mkubwa aende naye kuchunga mambo. Akaongeza, "Nyama yake ije. Yeye mwenyewe asikanyage hapa kwangu." Mama akaokota sinia lake. Nilidhani amekubali.

Tulikwenda kwa pikapu ya kubebea tumbaku, wavulana wakiwa nyuma na njuga zao, mimi nikibanwa kati ya dereva na baba mkubwa. Tulipofika mwanzo wa Tuwan walishuka wakaanza kukimbia wakiimba, Wanjala mbele, kifua wazi, amepakwa unga wa mtama. Watu walitoka kwenye ploti kutazama. Wengi wao walishangilia, maana mvulana wa tohara hushangiliwa popote. Halafu walipoona anaelekea wapi, sauti zikabadilika. "Ati anaenda kwa wale!" Vijana wa bodaboda wakapiga miluzi na kurusha maganda ya miwa. Moja lilimpiga Wanjala begani. Hakugeuka.

Mimi nikawatangulia mbio. Ua wa Khocha ulikuwa umefagiliwa ukang'aa. Kaunda alikuwa ameleta fahali kutoka Cheptais kwa lori lake, na tayari alikuwa amechinjwa na kuchunwa. Wote walikuwa wamevaa nguo zao nzuri. Lakini kuna jambo halikuwa sawa, nililiona kwenye uso wa Khocha. Alikuwa akizunguka akifunua majani ya ndizi na kuuliza kwa sauti ya chini, "Iko wapi? Nimeiweka hapa. Iko wapi?"

Ilikuwa kwenye jiko la makaa. Mbugua, Mungu ambariki, alikuwa ameona kipande kizuri cha kifua kimetengwa peke yake, mbichi, akafikiri kimesahauliwa. Kwao nyama nzuri ya namna hiyo huchomwa, wageni wakala. Kaunda ndiye aliyeiona. Aliruka akaichomoa motoni kwa mikono mitupu, akaanza kuirusha kutoka mkono mmoja hadi mwingine huku akilaani kwa Kisabaot, lugha ya kwao Cheptais. Ncha moja ilikuwa imeanza kuiva, na mafuta yalikuwa yakilia chwii.

"Nilidhani ni ya wageni," Mbugua alisema, uso umemshuka. "Nyama kama hii mnaacha mbichi kwa nini?"

Wimbo wa wavulana ulikuwa umefika langoni. Halafu Kaunda, akipuliza vidole, akasema, "Bana, karibu tumpeleke mtoto wa watu kwa ngariba na nyama choma," na wote wakaangua kicheko. Walicheka mpaka Khocha mwenyewe akainama akashika magoti. Mimi niliingiwa na hofu. Nilitaka kuwaziba midomo wote, kwa sababu baba mkubwa alikuwa anaingia, na nilijua kabisa akiwakuta wanacheka kila kitu kitaharibika.

Aliwakuta. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye ile nyama, akaishika, akainusa.

"Hii imeguswa na moto. Haifai. Wanjala, turudi."

Khocha aliacha kucheka. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti laini, sauti ya kumbembeleza mteja wakati dawa inauma kichwani. Sauti aliyoitoa siku hiyo sikuijua.

"Ng'ombe ni wangu, moto ni wangu, mtoto ni wa dada yangu," alisema. "Ni nini yako hapa?"

Akampokonya nyama. Akamsogelea Wanjala, akasimama karibu naye sana, akaanza kumkaripia kwa Kibukusu kama desturi inavyotaka.

"Wewe Wanjala! Umekuja kutafuta nini hapa? Nani amekuambia kwangu kuna mwanaume? Watu wa kwenu wanasema hakuna. Basi sikia. Mimi kila siku nafungua huu mlango, nasimama hapo nje, wananiona, wananitukana, na kesho yake nafungua tena. Wewe nakuomba usimame siku moja tu. Siku moja! Ikikushinda, usirudi hapa kwangu."

Akampiga kifuani na ile nyama, paa, akamvika, akiificha ile ncha iliyoungua nyuma ya shingo. Machozi yalikuwa yanamtoka Khocha, si Wanjala. Na watu wote pale uani wakapiga vigelegele, na Mbugua, ambaye hakuelewa Kibukusu hata neno moja, ndiye aliyepiga kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilimpenda sana yule mtu.

Tulipokuwa tunarudi, baba mkubwa alimwamuru dereva asimame Chwele, karibu na bucha. Akashuka. Alirudi na kipande cha kifua cha ng'ombe kimefungwa kwenye gazeti, kipya, kizuri, hakina moto. Akaenda nyuma ya pikapu, nami nikashuka nikamfuata.

"Vua hiyo," akamwambia Wanjala. "Vaa hii. Hakuna mtu atajua."

Wavulana wengine waliangalia pembeni. Wanjala alikuwa ameketi juu ya gunia, ameshika njuga zake. Kaka yangu hakuwa mkaidi. Alikuwa mtoto wa kutii, mtoto aliyeacha kucheka kwa sababu dada yake mdogo alimwambia. Alimtazama baba mkubwa, akasema polepole, kwa adabu kabisa:

"Ukinivua hii, kesho nitalia."

"Umesema nini?"

"Nitalia, baba mkubwa. Watu wote wakiwa hapo. Nitalia na nitakimbia."

Bado namwona baba mkubwa amesimama na gazeti lake linaloloa damu. Angeweza kumpiga. Angeweza kumvua kwa nguvu, maana alikuwa na mikono ya kufanya hivyo. Lakini ukoo mzima ulikuwa umeshaalikwa, na mtoto akilia mbele ya kisu, wao ndio wangechekwa kijiji hadi kijiji, watoto wao na wajukuu. Desturi waliyoitumia kumfungia Khocha nje ilikuwa imewafunga wenyewe mikono. Aliitupa ile nyama ya dukani mtaroni, akapanda mbele, tukaenda hadi Malakisi. Wanjala aliingia nyumbani kwetu jioni hiyo na nyama ya Khocha kifuani, na wageni wakamwimbia, wengi wao bila kujua ni ya nani. Waliojua walitema mate pembeni.

Asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri, waliokwenda naye mtoni walimrudisha akiwa amepakwa tope mwili mzima, kama ilivyo desturi. Nilikuwa nimesimama na wasichana wengine. Mama alikuwa ndani ya nyumba, ndiko mama wa mtoto hukaa kisu kinapofanya kazi, asionekane, amenyoosha miguu sakafuni. Hapo ndipo niliposikia lori. Lilisimama barabarani, nje kidogo ya lango letu, na kutoka nyuma yake, kati ya magunia matupu ya viazi, wakaanza kushuka. Khocha, Mbugua na wengine wa Jumapili, wote wamevaa kama watu wa arusi, na Kaunda na suti yake akabaki kwenye usukani. Hawakuingia. Walijipanga kando ya barabara, wakatazama juu ya ua wa michongoma.

Baba aliwaona. Nilimwona akiwaona. Hakuweza kufanya lolote, kwa sababu ngariba alikuwa tayari amepiga magoti.

Wanjala alisimama. Sitaeleza zaidi ya hapo, si mambo yangu ya kueleza, ila alisimama kama mtu anayesubiri kufunguliwa duka. Filimbi ikalia, ishara kwamba ngariba amemaliza. Na kabla ya mwanamke yeyote wa kwetu kufungua mdomo, vigelegele vilipasuka kutoka barabarani, vingi, virefu, vya wanaume na wanawake pamoja, na Kaunda akipiga honi ya lori. Wanawake wa pale nyumbani walitazamana. Furaha ilikuwa yao, desturi ilikuwa yao, lakini wakawa wanaogopa kuitikia wasije wakaonekana wanawaitikia wale. Aibu ile nimeikumbuka maisha yangu yote. Mtoto wao amesimama mbele ya kisu, na wao wamefunga midomo.

Baba mkubwa akapata nafasi yake. "Nyinyi vijana, mnaangalia tu? Toeni hiyo uchafu hapo!" Vijana walikuwa wanangojea kuambiwa. Waliokota mawe, wakaenda mbio kuelekea langoni. Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha lori. La pili lilimpata Khocha karibu na jicho. Alijifuta damu kwa kitambaa cha mfukoni, akakitazama, halafu akaanza kucheza. Naapa. Alicheza ile ngoma ambayo khocha humchezea mpwa wake aliyetahiriwa, mabega yakitetemeka, damu inamtiririka shavuni, na wenzake wakajipanga nyuma yake wakacheza pia, mawe yakiwaangukia miguuni. Mbugua hakuzijua hatua, akawa anafuata kwa kuangalia.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Mama akatoka.

Hakupaswa kutoka. Watu walipiga kelele, "Mama Wanjala, rudi ndani!" Baba mwenyewe akapaza sauti, "Rudi ndani, unasikia?" Alipita katikati ya wageni, kanga kiunoni, miguu mitupu, akampita Wanjala aliyekuwa amefunikwa blanketi, akamgusa kichwa, akaendelea. Alipita kati ya wale vijana wenye mawe bila kuwatazama. Akafungua lango mwenyewe, akatoka barabarani, akasimama mbele ya ndugu yake na uso wake umeelekea nyumbani kwetu. Akapiga kigelegele kimoja kirefu. Kisha akaanza kucheza.

Hakuna Mbukusu wa kumrushia jiwe mama wa mtoto aliyetahiriwa leo. Hata baba mkubwa alilijua hilo. Kule barabarani Kaunda alipiga honi tena, na mama akamshika Khocha mkono mmoja na Mbugua mkono wa pili, wakacheza wote watatu kwenye vumbi lile huku jua likitoka. Sisi tulibaki ndani ya ua tukiwatazama, na vijana wamesimama langoni na mawe mikononi, kila mmoja akisubiri mwenzake awe wa kwanza kuliangusha la kwake.